Siku Thelathini za Mtandao Mbaya

Saa nne usiku simu ilikuwa bado kimya juu ya goti lake. Mama alikaa kwenye kigoda kwenye korido, nje ya chumba cha binti yake, akingoja neno la fundi simu. Fundi alikuwa amewaandikia wenye tovuti ya picha, akaahidi: "Wakijibu tu nakupigia, hata kama umelala." Kulala! Tangu asubuhi hata chai haikupita kooni.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, na wenzake walimwita Mpekuzi, maana hakuna shati lililopita mikononi mwake bila mfuko kukaguliwa. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Binti akikohoa chumbani, yeye jikoni ameshasimama.

Ndiye aliyepiga picha za mjukuu wake. Binti alikuwa kitandani hospitalini, kidonda cha upasuaji kibichi, hawezi kuinuka. Wauguzi wakamruhusu yeye peke yake, bibi wa mtoto, kuingia chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila jioni alirudi na simu: mtoto amekunja ngumi, mtoto anapiga miayo. Picha kumi na moja kwa siku tisa. Siku ya kumi hapakuwa na wa kupigwa picha. Binti hakupata kumwona mwanawe akiwa hai ila humo.

Fundi akazipandisha kwenye tovuti zisije zikapotea, na kwa kuwa simu ya mama ilikuwa imejaa, akazitoa humo. Albamu ikawa moja, inafunguka kwa mama, kwa binti na kwa mkwe. Mkwe alipolazimika kurudi kazini mbali, alimwacha mkewe hapa apate nguvu. Lakini kila jioni binti aliifungua albamu, akalia hadi macho yakavimba, sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mama aliona, akaona, akachoka kuona. Nguo za mtoto alikwisha kuzifunga kwenye mfuko na kuuweka juu ya kabati, atampa akipata moyo. Basi na picha je? Siku moja akazichagua zote, akagusa alama ya pipa. Tovuti ikamwambia zimehamishwa. Akashusha pumzi: kumbe zipo mahali. Maneno madogo ya chini hakuyasoma.

Kesho yake jioni binti akatokea jikoni. "Mama, mbona albamu haina kitu?"

"Mtandao mbaya leo, mwanangu."

Wiki iliyofuata: "Bado mtandao?"

"Bado. Hata dukani wanalalamika."

Mara ya tatu binti alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu hospitali. "Mtandao gani huu, mama, unaochukia picha zangu tu?" Na chakula akakimaliza. Mama akajipongeza kimoyomoyo. Ameanza kula! Wiki moja tena, kisha atazirudisha.

Alipoipeleka simu kwa fundi azirudishe, ilikuwa siku ya thelathini na nne tangu azifute.

"Mama, simu hii inanizidi umri," fundi alitania, akibofya. Kisha utani ukamkauka. "Ulifuta lini?"

Akamtajia tarehe.

"Pipa hushika siku thelathini, mama. Baada ya hapo linajisafisha lenyewe. Ungekuja wiki iliyopita..." Akaanza kuwaandikia wenye tovuti.

Usiku huo, saa tano kasoro, simu ikaita.

"Wamejibu, mama. Hazipo tena. Pole sana, mama yangu."

Akaikata, akainuka, akagonga mlango.

"Sijalala," binti akasema kutoka ndani.

"Mwanangu, si mtandao. Nilizifuta mimi. Nilidhani nakuwekea tu, mpaka upate nafuu. Fundi amejaribu. Hazirudi."

Kitanda kikalia. Kisha miguu, kisha sauti karibu kabisa na mlango: "Ulizifuta lini?"

Akamwambia. Alimsikia akihesabu kwa kunong'ona.

"Nilipokuuliza, mara zote tatu, zilikuwa bado zipo."

"Zilikuwapo."

"Na ulikuwa unanitazama usoni."

"Nilikuona unakula, mwanangu."

Kitasa kikashuka nusu. Mama akarudi nyuma hatua moja ampishe. Kitasa kikapanda tena polepole, na komeo likasukumwa kwa ndani.