Ngazi Moja ya Kuteremkia Mtoni

Daraja la zamani pale kwetu Chimala lilikuwa la magogo na mbao. Lori likipita, sisi tuliokuwa tunachota maji karibu nalo tulifumba midomo mpaka mlio uishe, maana vumbi lote lilitujia. Sitaki kulisifu kupita kiasi. Lilikuwa limeoza. Masika moja lori la mpunga lilizamisha gurudumu katikati ya mbao na wasafiri wakalala barabarani. Miaka ile ya hamsini magari yalikuwa yameanza kuwa mengi, na waliosema lijengwe jipya walisema haki. Hata mimi nilisema hivyo.

Wakaja watu wa barabara kutoka Iringa, wakapiga mahema. Daraja la zege wakaliweka upande wa juu wa mto kidogo kupita lile la zamani, na nguzo yake ikasimama palepale penye njia yetu wanawake. Zamani tulikuwa na njia mbili. Sisi tulishukia upande wa juu, katikati ya matete, na wanaume walioga upande wa chini. Matete yakafyekwa, ukingo ukachongwa, na badala ya njia mbili tukapewa moja: ngazi ya zege, nyembamba, yenye ukuta kulia na kushoto. Ilikuwa imara kwelikweli. Mwenye mimba aliyebeba debe hakuteleza tena. Hilo nalo lazima niliseme.

Sisi ni Wanyakyusa tuliohamia huku Usangu kufuata mashamba ya mpunga. Kwetu mkamwana hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye. Akisikia anakuja, anaacha njia na kugeukia majanini mpaka apite. Naye mzee akijua mkamwana yuko mbele hukohoa mapema, au huzunguka. Si chuki, ni heshima, na kila mmoja anabeba upande wake kwa ajili ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa machache ya misheni, na misheni walituambia hayo ni mambo ya giza. Lakini niliolewa kwa watu wasio wasomaji wa misheni nikashika desturi yao. Kwa imani au kwa woga, mpaka leo sijui.

Asubuhi moja nilikuwa nateremka na debe tupu, nyuma yangu wanawake wengine wamefuatana. Baba mkwe alikuwa anapanda, ametoka kuoga, amevaa shuka safi. Labda alikohoa. Maji yalikuwa yanavuma chini ya daraja, siwezi kusema hakukohoa. Nilipoinua macho tulikuwa tumetazamana. Kulia ukuta, kushoto ukuta, nyuma madebe. Mdomo wangu ukafanya kile shule ilichoufundisha mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, baba!"

Nilisema kwa sauti, kama darasa zima linavyomwamkia mwalimu.

Yule mzee aligeuka, akashuka tena, akaingia mtoni na shuka lake. Alivuka kwa kushikashika mawe, maji yakimfika kiunoni, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Akaelekea ng'ambo, mahali pa ng'ombe. Nyuma yangu wanawake wakaanza.

"We! Umemwamkia mkweo?"

"Kesho atampa na mkono!"

"Mwacheni, ndiyo dini yao. Keshokutwa watakula sahani moja."

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Kule kuamkia kulinitoka tu, lakini kicheko nilikitoa mwenyewe, naye alikuwa bado hajatoka majini.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele.

"Mwanangu, ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Ukasema naye?"

"Nilimwamkia."

Akaweka ungo chini. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema, "Njia ni moja. Basi nani ataacha mto, wewe au yeye? Ukiacha wewe, nyumba haina maji. Akiacha yeye, watu watasema amefukuzwa na mkamwana."

Nikaenda kwa mnyapara wa daraja, Mhehe mmoja mpole. Kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa cha shule, wenzangu walinisukuma mbele, wakasimama mbali.

"Mnyapara, tunaomba njia yetu ya zamani."

"Ile iko chini ya nguzo, mama."

"Basi tupe nyingine. Hata ya matope."

"Ya matope? Na ngazi nimewajengea?"

Nikamweleza huku natazama viatu vyake. Hakucheka. "Hata mimi mama mkwe wangu akitokea naingia migombani," alisema. "Lakini mbona hamkusema tulipopima? Tuliita baraza. Tuliuliza wanawake, wakasema ngazi ni nzuri."

Alisema kweli. Baraza liliitwa, na waliojibu ni wanawake wazee na mabinti wasioolewa. Sisi wakamwana hatukwenda hata mmoja. Tungekwendaje, na wakwe zetu ndio waliokaa pale mbele? Tuliona ni adabu kubaki nyumbani, nasi ndio tuliohitaji ile njia. Mnyapara alinyoosha mkono kuelekea mahema, tayari yalikuwa yanakunjwa. "Saruji imekwisha, mama. Nisamehe." Sina la kumlaumu.

Nikaamua nitachota kwenye mifereji ya mashambani, maji ya tope, niyaache yatulie. Sikuwahi. Baba mkwe aliacha mto kabla yangu. Hakutangaza kitu. Alianza kuogea nyuma ya nyumba yake, kwa beseni, na wazee wenzake wa mtoni walipomuuliza alisema mguu. Inawezekana ulikuwa mguu kweli, kwa maana ulikuwa ukivimba wakati wa baridi. Sina haki ya kusema aliacha kwa ajili yangu. Ila najua alipenda kukaa na wenzake pale kwenye mawe baada ya kuoga, wakisimuliana habari za Tukuyu tulikotoka, na hakukaa nao tena.

Maji ya beseni nilichota mimi. Niliweka debe mlangoni kwa mama mkwe, yeye akampelekea. Asubuhi moja ya baridi mama mkwe alirudisha beseni akasema, kama anayeongea na ukuta, "Anasema maji yana baridi."

Nikawasha moto.