Mashine ya Chipsi Iliyobatizwa Kenyenya

Kwa Nyakerario, Ijumaa alasiri haikuwa ya kukaanga bali ya kusugua. Kila chombo cha kibanda chake cha chipsi pale sokoni Kenyenya kilipaswa kung'aa kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Masufuria aliyasugua kwa majivu, ndani na mgongoni, kama mama yake alivyofanya, na kwa mng'ao huo wanawake wa kanisa lake waliendelea kupimana kimyakimya.

Mashine ya chipsi peke yake ndiyo aliyoionea huruma. Ilikuwa na miezi mitatu tu. Aliyemuuzia alimwonyesha hatua kwa hatua: chomoa waya ukutani, ngoja mafuta yapoe, yachuje, osha kikapu na beseni. Lakini kichwa chake, chenye swichi na koili ya kuchemshia, kipanguse tu kwa kitambaa.

Alikuwa na sababu ya kuienzi. Mwaka juzi karai lilipinduka juu ya mafiga na mafuta yakammwagikia mguuni. Kovu lilishuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo, jekundu kama udongo wa njia ya chai. Miezi mingi baadaye, hata mlio wa kitunguu kikianguka kwenye mafuta ulimfanya arudi nyuma. Mashine hii iliyotulia mezani, bila moto wala moshi, ndiyo iliyomrudisha kazini.

Ijumaa hiyo Ruth, mwenzake wa kwaya, alipita kununua vitunguu, akachungulia nyuma ya mashine.

"Mama Cynthia," akamwambia Nyakerario, "haya mafuta yaliyoganda hapa nayo yanaingia Sabato?"

Alisema akicheka, akaenda zake. Nyakerario hakucheka. Alibeba mashine nzima, kichwa na mwili, akaitumbukiza kwenye karai kubwa la maji ya moto, akaisugua kwa majivu na sabuni mpaka ikawa kama mpya. Alipokiinua kichwa cha mashine, maji yalichuruzika kutoka kwenye swichi.

Odoyo, fundi wa umeme wa kibanda cha pili, mtu wa upande wa ziwa, alisimama na bisibisi yake mkononi.

"Mama, umeiosha au umeibatiza?"

"Ilikuwa chafu."

"Nyinyi watu wa Sabato hamjui kunyunyiza. Lazima mzamishe!"

Ndipo Odoyo alipouona uso wake, na kicheko kikamkauka. Nyakerario alikuwa tayari ameshika waya, anatafuta soketi.

"Niache niiwashe nijue kama imekufa."

"Ukiiwasha sasa utaiua kweli, labda na wewe pia. Weka chini."

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya kilima. Odoyo alifungua skrubu nne upesiupesi, akatoa kifuniko, akakung'uta maji yaliyojificha ndani. "Iweke mahali pakavu penye joto. Na usiiguse kabla sijaiona."

Nyakerario alikipeleka kichwa cha mashine nyumbani, nyuma ya soko, akakilaza kwenye uchaga juu ya jiko la kuni, kati ya mahindi ya mbegu. Jua likazama. Sasa hata angetaka kukijaribu, asingeweza.

Haikuwa Sabato rahisi. Kanisani aliimba sauti ya pili huku kovu likimwasha ndani ya soksi. Mhubiri alizungumzia pumziko, naye Nyakerario alikuwa akiliona akilini karai la zamani la kukaangia lililoning'inia ukutani kibandani, likimngojea. Alasiri mvua ilipiga mabati, akamshukuru Mungu kwamba hakukianika nje. Mara tatu alikwenda jikoni, akakitazama kichwa kule juu, akarudi mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Jumapili Nyakerario alikirudisha kichwa kibandani; Odoyo alitoka misa ya asubuhi, akaja na mita yake ya kupimia umeme. Alipima, akapuliza, akapima tena. Nyakerario alisimama karibu na mlango, mbali na mlio wowote.

"Pamekauka kabisa," Odoyo akasema. "Ungeiwasha juzi ingelia pwaa, basi. Hiyo Sabato yako imeiokoa. Sasa lete mafuta, mama, yavuke alama ya chini kwanza. Koili haiwashwi kavu."

Alimimina. Odoyo akafunga skrubu, akachomeka, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, ndogo kama punje ya mtama.

"Ee Nyasae, Mungu wangu!" Nyakerario akasema, akakaa juu ya gunia la viazi. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Mafuta yalipopata moto, aliinuka mwenyewe, akashusha kikapu cha kwanza. Viazi vililia. Hakurudi nyuma.

"Sasa sikiliza," Odoyo akasema, akichukua kalamu nene na kuchora mstari mweusi shingoni mwa kichwa cha mashine. "Beseni na kikapu ni Waadventista, wazamishe upendavyo. Lakini hiki kichwa ni Mkatoliki. Tone moja kwenye kitambaa linamtosha."

Nyakerario alicheka mpaka akashika meza, kicheko chake cha kwanza tangu Ijumaa. Kisha akamjazia sahani hadi chipsi zikamwagika pembeni. Karai la ukutani akalishusha, akalijaza maji, akaliweka nje kwa ajili ya kuku.