Jirani wa Bustani Isiyo na Ua

Jirani yetu aliyehamia hapa kutoka upande wa pili wa nchi, udongo haumtoki kuchani hata asugue vipi. Kila asubuhi hupita mlango kwa mlango na ndoo, akiomba maganda ya jikoni ya kutengenezea mbolea. "Hodi, jamani, msitupe!" husema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Bustani yake hakuizungushia ua. Ameweka kibao tu: CHUMA UTAKACHO. Pembeni ameweka benchi alilochonga mwenyewe, refu la kutosha ukoo mzima, naye hukaa pale mwishoni kabisa, kana kwamba wenzake wako njiani. Jioni hubeba kikapu, hubamiza mlango na kuaga kwa sauti, "Haya, mie natoka!" Hapo ndipo majirani tunapojitokeza, tukachuma mchicha huku tukipiga soga.

Jana, nikitoka kazini, nilimkuta nyuma ya duka lililofungwa, amekalia kreti, kikapu kitupu magotini.

"Shikamoo, mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba, mwanangu. Simsubiri mtu. Nikiwepo mnaona haya kuchuma."

Vicheko vilisikika kutoka bustanini. Akanyoosha shingo.

"Hebu nichungulilie," akasema. "Kuna aliyekaa kwenye benchi?"