Ng'ombe Waliombakiza Baba Nyumbani

Kwa kutia chumvi sina mpinzani Kigali nzima. Nikikusimulia mvua, tafuta mtumbwi. Ndiyo maana rafiki yangu, tuliyesota naye shule ya jioni, alinichagua niwe msemaji wake siku ya gusaba, yaani posa, tulipokwenda mtaa wa Kabeza kumwomba binti. Familia ya binti ilikulia Tanzania, basi mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili.

Msemaji wa gusaba hulipwa soda ili adanganye kwa adabu. Wao watasema binti kaolewa jana. Wewe utaapa kwamba ng'ombe mliowaleta wamejaa hadi ndege zimekosa pa kutua. Kila mtu anajua, kila mtu anacheka, na mwisho binti anatolewa.

Rafiki yangu alikuwa na hofu moja tu. Baba yake alikataa kuja kwa sababu binti amemzidi mwanawe umri. "Wakiuliza, chumvi yako yote imwage hapo," aliniambia.

Wakauliza. Mjomba wa binti, ndiye msemaji wao, akasimama chini ya hema. "Wageni wetu, mbona simwoni baba wa kijana?"

"Mzee kabaki na ng'ombe," nikajibu. "Wasiposikia sauti yake hawanywi maji!"

Hema likalipuka kwa kicheko. Mjomba akatabasamu. "Acha mzaha, bwana. Tuambie kweli."

Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo. Hata mtoto anayenyonya anajua. Lakini cheti changu cha shule ya jioni kilikuwa bado kinanukia wino, nami nikajiona msomi anayeulizwa swali la kisomi. Nikanyoosha tai.

"Kweli ni kwamba amekataa. Anasema binti ni mkubwa kuliko kijana."

Nilisema kwenye maiki. Spika moja ilikuwa mlangoni, na nyuma ya mlango ule binti alikuwa amesimama, keshavaa mushanana, vazi lake la sherehe, akingoja kutolewa.

Mama wa binti akaiweka fanta yake chini bila kuinywa. Rafiki yangu hakunitazama. Neno moja tu la mjomba, tungerudi mikono mitupu.

Mjomba akakohoa. "Spika zetu hizi mbovu jamani," akasema taratibu. "Mimi nimesikia tu mzee kabaki na ng'ombe. Basi tuleteeni mmoja, tumpunguzie kazi."

Watu wakacheka kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Binti akatolewa.

Alipita akitukumbatia mmoja mmoja. Aliponifikia nikaomba ardhi inimeze, mimi na tai yangu. Poda ilikuwa mpya usoni, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Wananiambia umetusemea vizuri sana. Mimi nilikuwa navaa, sikusikia kitu."

Na mimi, mwenye mdomo wa kujaza uwanja wa mpira, nikatafuta walau uongo mmoja wa kumrudishia. Sikuupata. Nikatoa "asante" ndogo kuliko punje ya ulezi.