Miguu Iliyoniozesha

Mama mkwe wangu hakunichagua kwa tabia wala kwa sura. Alinichagua kwa miguu. Alikuwa amekuja soko la Runyenjes kutafuta mbegu za maharagwe, akamwona mama yangu ameketi nyuma ya magunia yake, miguu minene ameinyoosha mbele, akaniona na mimi kando yake, yangu imeanza kuifuata ya mama. Akarudi kwao Mitunguu akamwambia mwanawe kwamba amepata watu wanaokula vizuri. Haya alinisimulia mwenyewe, kwa fahari, mwaka wa kwanza wa ndoa, huku akinimiminia uji wa pili ambao sikuuomba.

Sikumpenda tangu siku hiyo, na sitajifanya hapa kwamba baadaye nilimpenda.

Kwetu hatukula kuliko watu wengine. Mama aliweza kushinda na kikombe kimoja cha chai, na bado miguu ilizidi kunenepa. Yangu ilianza nilipovunja ungo, ikaongezeka nilipojifungua binti yetu. Kiunoni kwenda juu nilikuwa mtu mwembamba wa kawaida. Chini ya hapo nilikuwa mtu mwingine. Unene uliishia ghafla kwenye vifundo, kama suruali iliyotiwa lastiki, na nyayo zikabaki ndogo, za msichana. Nikigusa tu kona ya meza, ngozi ilivilia damu na alama ikakaa. Mtoto akinikalia mapajani, nilimshusha haraka kwa maumivu, naye akadhani simtaki. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilikuwa fundi wa nguo. Nilikodi chumba Majengo, pale Meru mjini, karibu na bucha, na cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga. Wanawake walikuja kupimwa, wakaitazama miguu yangu, wakasema mume wangu ananitunza. Nilishukuru kwamba mdomoni nilikuwa na pini. Miaka ya tisini ilipofika katikati, nilikuwa nikikanyaga kidogo tu, kisha nalala chali sakafuni na miguu juu ya kiti, mteja wangu akisubiri sketi yake nje. Fundi asiyeweza kukanyaga si fundi tena. Nilijua kwamba nikiacha ile kazi nitarudishwa Mitunguu kukaa chini ya migomba na kunyweshwa uji mpaka nife.

Daktari mmoja aliniambia niache chapati. Nikaacha. Uso ukachongoka, matiti yakanywea, miguu ikabaki palepale. Mwingine alishuku matende, akanipa vidonge vilivyonitapisha wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi.

Mwishoni mwa miaka hiyo akawa anakuja hospitali ya Meru daktari mpasuaji kutoka Nairobi, kutibu watu walioungua na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Nilipanga foleni pamoja nao. Alinibonyeza miguu, akafinya ngozi ya juu ya wayo, akaniuliza habari za mama na nyanya.

"Huu si unene wa chakula," akasema. "Inaitwa lipedema. Hata ukifa njaa, utazikwa nayo."

Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema kwamba mimi si mlafi, nami nilitamani kumzaba kofi kwa jinsi alivyolisema huku akitazama dirishani. Lakini hakunidanganya. Alisema soksi za kubana zingepunguza maumivu kiasi. Alisema pia kulikuwa na njia nyingine: kujaza mguu maji yenye dawa ya ganzi, kuingiza mrija mwembamba, na kuyanyonya yale mafuta yatoke. Nairobi alikuwa akiwafanyia matajiri kwa ajili ya urembo. Wenye ugonjwa wangu alikuwa amewafanyia wachache. Haikuwa dawa ya kukonda, haikuwa ya kumaliza ugonjwa, ilikuwa na hatari zake, na baadaye ningevaa zile soksi vilevile.

Nikamuuliza kama nitaweza kukanyaga cherehani.

"Nadhani utaweza. Siwezi kuapa. Mume wako aje aweke sahihi."

"Miguu ni yangu, daktari."

"Sahihi ni ya mume. Ndivyo hospitali inavyotaka."

Basi Jumapili nikashuka Mitunguu, kwa mume wangu na mama yake. Mume wangu alikuwa mtu mzuri mbele ya wageni, na hakuwahi kuamua jambo kabla ya kumtazama mama yake usoni. Alimtazama. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kanisa lilihubiri juu ya waabudu shetani, na kila mtu alimjua mtu aliyemjua mmoja wao.

"Hayo mafuta wakishanyonya yanaenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Yanatupwa."

"Nani anatupa mafuta? Hata ya mbuzi sisi hatutupi. Hao watu wa Nairobi wako na mahali wanapeleka. Kwani hujasikia venye wanasema kanisani?"

"Mama ako na pointi," mume wangu akasema.

"Na tena hiyo si ugonjwa. Hiyo ni afya. Tumekulisha hapa miaka yote, uende utolewe? Watu watasema kwetu kuna njaa."

"Hamkunilisha hii miguu. Nilikuja nayo."

"Ulikuja nayo ikiwa midogo."

Wakamwita pasta. Akaniwekea mikono magotini bila kuuliza kama yanauma, akakemea roho ya kutoridhika. Nilimchukia pasta, nikamchukia mume wangu aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kesho yake nilimchukua binti yangu, nikafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, nikarudi kwa mama Runyenjes.

Mke akirudi kwao, mume humfuata na wazee wake. Huketi, wakakiri kosa, na wazazi wa mke wakataja cha kuwatuliza. Mara nyingi ni mbuzi. Mbuzi akipokewa, mke hurudi; akikataliwa, ndoa imekwisha. Mume wangu alikuja na baba zake wadogo wawili na beberu mnene, wakaketi wakiwa na uhakika wa safari yao. Baba yangu alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo aliyewapokea ni mama. Wakati huo alikuwa hasimami bila fimbo mbili.

"Huyo mbuzi mrudishe," mama akasema.

Mmoja wa wazee akaanza kueleza kwamba wanaweza kuongeza wa pili.

"Sitaki mbuzi. Nataka huyu mtoto wenu aandike jina lake pale daktari anataka."

Mume wangu akasema mambo ya mwili yanahitaji maombi, na kwamba hiyo miguu kwao wanaiona ni afya.

"Afya," mama akasema. Akaweka fimbo chini, akainama, akashika pindo la sketi yake kwa mikono miwili. Sketi hiyo niliishona mimi. "Basi acha nikuonyeshe mahali hiyo afya inaishia."

Kwetu mkwe wa kiume hapiti hata karibu na kitanda cha mama mkwe wake. Mama kujifunua mbele yake ni laana ambayo hakuna beberu wa kuiondoa. Pindo lilipofika katikati ya muundi, wanaume watatu walikuwa wamesimama wamegeukia ukuta.

"Nitaandika, mama," mume wangu akasema akiwa ameelekea ukutani. "Nitaandika."

Aliandika, na kwa kuwa sahihi ndiyo iliyokuwa mbuzi, nilirudi kwake. Nilinyonywa nikiwa macho, nikitazama mtungi ukijaa kitu cha manjano chenye damu. Sikuuliza kinapelekwa wapi. Miguu ilikuwa myeusi kwa wiki nyingi, na soksi zile kwenye joto la Mitunguu zilikuwa adhabu. Lakini nilikanyaga. Nilishona magwanda ya kwaya nzima bila kulala sakafuni, na binti yangu akaketi mapajani mwangu akiwa tayari amekuwa mkubwa kwa jambo hilo. Mama yangu, daktari alimkataa kwa sababu ya presha. Mama akasema kwani yeye hakuwa amemwomba.

Krismasi iliyofuata tulikwenda kwa mama mkwe. Alinitazama vifundoni, akasema nimeharibiwa. Kisha akamwita binti yangu, akamshika mguu chini ya goti, akaupima kwa kiganja kama anavyopima ndizi kabla ya kuikata, akatabasamu.

"Huyu sasa ameanza kushika mwili. Huyu hatakosa watu."

Binti yangu alinitazama. Nilimwambia aje asimame upande wangu.

"Hiyo miguu haitamwozesha mtu," nikamwambia mama mkwe. "Na siku ya daktari, atakayeandika jina ni mimi."

Aliuondoa mkono wake, lakini hakufanya haraka.