Watoto Saba wa Mzee Wakhisi

Mercyline Nakhumicha amefanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Kisumu miaka ishirini na sita, na kwa muda huo wote kuna karatasi ambazo hakukubali zitupwe. Programu za mazishi. Unazijua: picha ya marehemu mbele, ndani nyimbo na wasifu wake, na majina ya aliowaacha. Mazishi yakiisha, watu hujipepea nazo na wengine hufungia mandazi. Yeye alizikusanya. Kondele, Obunga, Port Victoria, popote alipokwenda kuzika alirudi na moja, akaihifadhi katika chumba cha makusanyo maalum, mnamokaa vitu visivyoazimwa. Zikafika mia nne na kitu.

Siku moja mkubwa wake, Daktari Lornah, alizipekua mpaka chai ikampolea.

"Mama Mercyline, haya ni maisha ya watu. Andika pendekezo la maonyesho, mimi nitalipeleka kwa kamati."

Fomu ilitaka jina la maonyesho, sababu zake, na kitu kitakachowekwa katika kabati la vioo la kwanza, pale mlangoni. Hapo Mercyline hakufikiri mara mbili. Aliandika: programu ya Mzee Wakhisi, mnunuzi wa samaki, Port Victoria, 2003. Hakuandika kwamba ni babake.

Mzee Wakhisi alikuwa na mke na boma huko Port Victoria. Kule Obunga alikuwa na Rosa, mamake Mercyline. Mtoto alizaliwa msimu wa kupanda, na mzee mwenyewe ndiye aliyempa jina la kwao, Nakhumicha, akamsomesha mpaka akamaliza. Alipokufa, mama na binti walikwenda kuzika, wakasimama nyuma kabisa ya turubai. Mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo pasta akasema wasifu hautasomwa, kila mtu ajisomee. Rosa hakujua kusoma.

"Umeandikwa wapi, nyathina, mwanangu?" akauliza.

Mercyline alipitisha macho. Iliandikwa: ameacha watoto saba. Jina lake halikuwepo. Basi akamwonyesha mamake mstari wowote tu, na Rosa akaweka kidole hapo mpaka jeneza likashuka. Alikufa miaka sita baadaye akiamini hivyo.

Kamati ililipenda pendekezo, ila ikataka kila familia itie sahihi ya ruhusa. Fomu ya ruhusa aliiandaa Mercyline mwenyewe, na chini yake akaweka mstari: kama kuna kosa katika programu, familia isahihishe hapa. Sahihisho lingeandikwa kwenye maelezo kando ya karatasi, watu wote wasome. Familia nyingine zilisahihisha tarehe, au jina la kanisa. Yeye alikuwa anataka jina moja tu, tena kwa mkono wa mtu wa boma lile.

Huko Port Victoria, Robinson, kifungua mimba wa wale saba, alimpokea vizuri, akamtolea kiti kivulini.

"Yaani mzee wangu, na ile harufu yake ya samaki, ya mbuta, aende kukaa kwenye vioo kama askofu?"

"Tutamweka mlangoni, Bwana Robinson. Wakiingia waanze na yeye."

"Hapo mtawafukuza wanafunzi." Akacheka, akachukua kalamu. Alisoma polepole. Alipofika chini, akagonga mstari kwa kalamu. "Hapa panataka nini?"

"Kama kuna mtu aliachwa."

Robinson alitazama nyumba. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama yuko hapo ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Ana miaka themanini na tisa, na kila kitu kinachoandikwa katika boma hili lazima asomewe." Akageuza kalamu vidoleni. "Dada, mimi nakujua. Hata siku ile ya mazishi nilikuona pale nyuma na mama yako. Sisi wote tunakujua. Lakini kuandika, hapana."

Hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kumwita dada. Robinson akainama, akaandika kwenye mstari ule: Hakuna kosa. Akatia sahihi, kisha akamsindikiza mpaka barabarani, akambebea mfuko.

Daktari Lornah aliisoma fomu, akamtazama Mercyline kwa muda. Labda alikuwa amekisia, labda hapana.

"Tunaweza kuweka nyingine mlangoni. Ziko nyingi."

"Hii ndiyo kamati imepitisha, Daktari. Na familia imesema haina kosa."

Akakaa kwenye kompyuta kuandika maelezo. Mzee Wakhisi, mnunuzi wa samaki. Aliacha mjane na watoto saba. Aliyaandika majina yote saba, kisha akayarudia moja moja na programu mkononi, herufi kwa herufi, kwa sababu katika kazi hii amejifunza kwamba hakuna kinachowaumiza wafiwa kama jina la mtu wao kukosewa. Hakukosea hata moja. Akachapa, akaisimamisha kadi ndani ya kabati, akafunga kioo kwa ufunguo.