Siku Mtani Alipovaa Shati la Jeshi

Harufu ya mkonge unaooza huniingia puani hata leo ninapopita Kimamba, ingawa mashine nyingi zilikwisha nyamaza. Wageni walikuwa wakiziba pua. Sisi wa Kilosa tuliivuta bila kuijali, pamoja na moshi wa treni uliotua kwenye nguo alizoanika mama na tope la mto Mkondoa, ambao kila Januari ulijaa ukatukatalia kuvuka kwenda shambani. Januari ya mwaka 1964 nilikuwa darasa la tatu, na nilijua mambo mawili makubwa: kwamba nchi yetu imejitawala, na kwamba kaka yangu Salehe ni mwanajeshi Dar es Salaam. Hilo la pili nililiona kubwa zaidi, na shuleni nilihakikisha hakuna asiyelijua. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Sisi Wasagara mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani lilikuwa la mjomba, kaka yake mama. Lakini mtu aliyetuchekesha hakuwa ndugu yetu hata kidogo.

Tulimwita Baba Kulwa. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, akiishi kota za reli na mkewe na mapacha wao, na kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale stesheni treni zinapopishana. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na Baba Kulwa aliufanya utani huo kuwa ajira yake ya pili. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua chungu, akatangaza kwamba Wasagara hatujui kupika ila kuroga. Mama alimjibu kwamba babu zake walifika hapa na mizigo ya watu kichwani, na kama si maji ya kuombaomba kwetu wangekaukia njiani. Siku nyingine aliondoka na kuku wetu mchana kweupe, na mama hakuwa na haki yoyote ila kumrushia majivu na kumtukana mpaka apotee kwenye kona. Kununa kulikuwa marufuku. Ila thamani ya mtani ilionekana msibani. Watani walichimba kaburi, walipika, na mmoja wao alimwigiza marehemu, sauti yake, mwendo wake, hata ubahili wake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na mtani aliyekwisha kujifanya marehemu hakuacha kuwa marehemu mpaka wafiwa wenyewe wamtie kitu mkononi, kuku au kanga. Hapo ndipo alipokubali kwenda zake.

Basi Januari ile redio ya mjomba ilitangaza kwamba Zanzibar serikali imepinduliwa. Watu walikuwa hawajamaliza kulijadili hilo, tukasikia wanajeshi wa Dar es Salaam nao wameasi, wamewakamata maofisa wao Wazungu na kutaka waondoke. Baada ya siku chache wakaja askari wa Kiingereza, ambao serikali yetu wenyewe ndiyo iliyowaita, wakawanyang'anya silaha. Redio ilisema hayo kwa maneno machache, kisha ikapiga muziki. Mama hakutaka muziki. Kila treni iliyotoka pwani ilimkuta stesheni, kanga ameifunga kiunoni, akiuliza kila aliyeshuka. Abiria mmoja akamwambia kambini kulikuwa na risasi na kuna waliokufa. Mwingine, mtu wa Munisagara aliyemfahamu Salehe, akasema amesikia kwa masikio yake jina la kaka likitajwa miongoni mwa maiti. Hatukuwa na ofisi ya kuuliza. Nani angemwuliza mkubwa gani habari za mwasi? Mjomba alisubiri, akasubiri, mwisho akasema tandikeni mikeka. Matanga yakawekwa bila maiti, na mwalimu wa madrasa akasoma dua.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, Baba Kulwa alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa shati kuukuu la jeshi ambalo Salehe alimwachia mama alipokuja likizo, mama akawa analivaa shambani. Begani alibeba mchi wa kutwangia. Alipiga kwata kuzunguka mikeka huku akiuburuta kidogo mguu wa kushoto, mwendo uleule wa kaka, akapaza sauti ileile: "Mama, njaa! Jeshi lote lina njaa!" Mama alianza kucheka kabla hajajua anacheka. Wanawake waliokuwa wakilia kwa zamu tangu asubuhi walishika mbavu. Mimi nililia na kucheka pamoja, na nilihisi kwa dakika chache kwamba Salehe yupo, amerudi, anatafuta ugali. Nasema kweli, nilimpenda Baba Kulwa siku ile kuliko mtu yeyote duniani.

Askari polisi wawili walikuwa wakipita barabara ya kwenda mashambani. Walikuwa wageni wilayani, na siku zile waliambiwa wawe macho, kwa sababu serikali ilikuwa imeogopa na watu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakikamatwa huku na kule. Walisikia kwata, wakaingia uani.

"Wewe ni nani?" aliuliza mmoja.

Sasa hapo mtu mwingine angevua shati na kujieleza. Baba Kulwa hakuweza, maana hakuna aliyekuwa amemtia kitu mkononi. Alibana mikono, akapiga saluti.

"Salehe, afande! Nimewafungia Wazungu wangu chooni, nimekuja kula kwa mama."

Uani kote tukaangua kicheko. Ndivyo tulivyopaswa kufanya, na ndicho kilichomwangamiza. Yule askari alitutazama mmoja mmoja. Mama aliona kabla yetu, alikimbia bandani, akatoka na kuku, akamsukumizia Baba Kulwa mikononi huku akisema, "Chukua, mtani, nenda, nenda!" Lakini mikono ile ilikwisha kukamatwa, na kuku akaanguka akakimbilia kwenye migomba. Mjomba akavua kofia, akaeleza kwa upole kwamba huu ni msiba, huyu ni mtani.

"Mzee," askari alimjibu, "serikali haina watani."

Walimpeleka Morogoro kwa treni jioni ileile, kwa njia ambayo asubuhi aliigeuza mwenyewe. Ilisemekana kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa reli, basi mambo yakakaa vibaya zaidi.

Wiki chache baadaye, tukiwa tunapepeta mahindi, Salehe aliingia uani kwa miguu yake. Alishukia Kimamba kwa aibu, akapita katikati ya mkonge ili asionekane. Yeye na wenzake walikuwa wamefukuzwa jeshini, akaambiwa arudi kwao na afunge mdomo. Mama alimpapasa uso, mabega, vidole, akilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Kisha Salehe akauliza mbona watu wanamtazama hivi, akaambiwa. Alinyanyuka palepale. Alisema anakwenda polisi kuonyesha kwamba hakufa, kwamba ule ulikuwa msiba wa kweli na mtani hakuwa na hatia. Mjomba akamwuliza atajitambulisha kama nani. Mwasi aliyefukuzwa, anayekuja kumtetea mtu aliyekamatwa kwa kujifanya mwasi? Watakuwa nao wawili, alisema. Salehe alisimama mlangoni. Mama hakumshika. Alimwuliza tu kama amekula. Akarudi akaketi, na hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemtazama usoni. Nilifurahi kaka yupo hai, na furaha yenyewe niliichukia.

Kota za reli zilitakiwa na mfanyakazi mwingine, kwa hiyo mama Kulwa na mapacha walirudi Tabora. Mama aliwapeleka stesheni na unga, akangoja mpaka treni ikaondoka.

Baba Kulwa aliachiwa mwaka uliofuata, bila kesi na bila maelezo. Reli haikumchukua tena, akapewa kipande cha shamba karibu nasi, na baadaye, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, sote tulipangwa mstari mmoja wa nyumba. Siku ya kwanza alipokuja kwetu baada ya kuachiwa alisimama nje akasema, "Hodi." Mama aliacha mwiko kwenye chungu akajifunika uso kwa kanga. Alitoka, akamtukana kama zamani, akamwita mchukuzi, mla kuku wa watu, akamrushia majivu. Yeye alijipangusa taratibu akasema, "Samahani, mama Salehe." Kaka alitoka ndani akampa shikamoo, salamu ambayo alikuwa hajawahi kumpa maishani, kwa kuwa mtani haamkiwi, mtani huchokozwa. Baba Kulwa aliitikia marahaba. Walikaa pamoja mpaka alasiri wakizungumzia mvua.

Sasa mimi ni bibi. Wajukuu zangu hutania wakubwa wa serikali kwenye simu zao, wanacheka peke yao, kisha nawaona wanafuta walichoandika. Mimi huwaambia nchi imebadilika, maana ni kweli, tunasema mengi ambayo zamani yangetupeleka Morogoro. Hata hivyo siwaambii waache kufuta. Sijui niwaambie nini. Baba Kulwa alitangulia, na Salehe akafuata alipokwisha kuzeeka, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake. Safari hii maiti ilikuwepo. Watani walifika, vijana wa Kinyamwezi wa pale mjini, na shati lile, ambalo Baba Kulwa alirudi nalo kutoka kifungoni, mama alikuwa amelitunza, nikawatolea. Walilitazama, wakatazamana, mmoja akalikunja vizuri akanirudishia. Tulimzika kaka yangu kwa heshima zote, na hakuna aliyecheka.